Siku Tatu Dar: Kuchagua Gesti Isiyokula Matembezi Yako

Mara ya kwanza kuwapeleka mama na mdogo wangu kutembea Dar es Salaam, nilichagua gesti kwa kigezo kimoja tu: iwe karibu na stendi. Basi letu kutoka Dodoma lilituteremsha Mbezi usiku, tumechoka, na hatua chache kutoka getini kulikuwa na chumba safi cha bei poa. Nikajiona mjanja. Kesho yake tuliondoka saa moja asubuhi kwenda kuona Makumbusho ya Taifa yaliyoko Posta, mjini kati, tukafika saa nne kasoro, mama miguu imemvimba kwa kusimama ndani ya basi. Jioni tukasota vilevile kurudi. Siku tatu zikaisha hivyo. Majirani walipomuuliza Dar ikoje, mama akajibu, "Nimeiona vizuri, dirishani."

Tangu hapo nimerudi mara nyingi, na ndugu wamenigeuza wakala wao asiye na kamisheni: "Kaka, tunashuka Dar siku tatu, tulale wapi?" Majibu yangu nimeyapanga hapa kwa mtiririko ninaoufuata mwenyewe. Yanamfaa mtu anayekwenda kutembea na kuona mji, siku mbili hadi nne, kwa mfuko wa kawaida. Anayekwenda hospitali, kozi au kufunga mzigo Kariakoo ana hesabu zake nyingine.

1. Andika matembezi kwanza, chumba kitafuata

Wengi wetu huanza na bei ya chumba, halafu ndiyo tunauliza cha kuona. Geuza. Chukua karatasi, andika kila unachotaka kukiona, kisha kipange kwa upande wa jiji kilipo.

Fungu la kwanza ni mjini kati: Posta, Kisutu na Kivukoni. Huko kuna Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako utakuta habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Bustani ya mimea iko jirani. Sanamu ya Askari, iliyosimikwa mwaka 1927, iko kwenye mzunguko wa Samora na Azikiwe. Kanisa la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote ya enzi za Wajerumani, yanatazama bandari, na ng'ambo ya barabara ndiko zinakoondokea boti za Zanzibar. Ukiambaa na maji unafika Feri, penye soko la samaki na pantoni ya kuvukia Kigamboni. Haya yote yanatembeleka kwa miguu, hata ukiwa na mama mtu mzima, mradi muanze asubuhi kabla jua halijakasirika.

Fungu la pili liko upande wa Kinondoni. Makumbusho ya Kijiji, yenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, iko Barabara ya Bagamoyo, kama kilomita 10 kutoka Posta. Mbele yake ni Mwenge kwa wachonga vinyago. Ukirudi baharini kuna Coco Beach na mihogo yake ya kukaanga, Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, na Slipway ya Msasani ambako unapanda boti ya kisiwa cha Bongoyo.

Fungu la tatu ni Kunduchi, kwa wanaokwenda Mbudya. La nne ni Kigamboni na fukwe zake. Kariakoo nimeiacha peke yake kwa makusudi, maana haipo mbali na mjini kati, lakini ukiingia kununua kanga mbili tu ujue nusu ya siku imeondoka.

Sasa hesabu alama zako: kila ulichoandika ni alama moja kwa fungu lake. Fungu lenye alama nyingi ndilo linakwambia pa kulala. Kwa wageni wengi wa mara ya kwanza ni la kwanza, likifuatiwa na la pili. Ukiona orodha yako nzima ni bahari tu, basi usipoteze fedha Posta, vuka uende Kigamboni ulale huko.

2. Pima kwa foleni, kilomita ziache

Muulize mtu wa Dar kutoka Mbezi hadi Posta ni umbali gani. Hatakutajia kilomita, ingawa zinazidi 20. Atakwambia, "Inategemea unatoka saa ngapi."

Kunjua kiganja cha mkono wako. Kiganja chenyewe ni Posta, Kisutu na Kariakoo. Vidole ni barabara kubwa zinazotoka hapo: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Asubuhi watu humiminika kutoka kwenye ncha za vidole, Tegeta, Kimara, Gongo la Mboto, Mbagala, wakielekea kiganjani. Jioni wanarudi. Ukilala kwenye ncha ya kidole, unaingia mjini pamoja nao na unatoka pamoja nao. Ukilala kiganjani unakwenda kinyume: asubuhi wao wanakuja, wewe unaelekea Makumbusho ya Kijiji kwenye daladala yenye viti vitupu. Jioni wao wanatoka, wewe unarudi. Mgeni anayelala mjini kati anapata Dar isiyo na foleni ambayo wenyeji wenyewe hawaijui.

Kuna mwendokasi, mabasi yenye njia zake, ambayo awamu ya kwanza ilianza mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Loji nyingi zinajitangaza kwa maneno "karibu na kituo cha mwendokasi". Ni sifa nzuri, ila iulize maswali mawili. La kwanza: siku hizi mabasi yanapita hapo kama kawaida? Huduma hubadilika, hivyo uliza wiki unayosafiri. La pili: kituo chenyewe ni cha kupandia au cha kutazamia? Asubuhi katika vituo vya katikati kama Shekilango au Manzese, basi linaweza kufika limeshajaa hadi mlangoni, nawe unabaki umesimama na tiketi mkononi.

Na kuna Jangwani. Hapo ndipo Barabara ya Morogoro inapokatiza bonde la Mto Msimbazi, kati ya Magomeni na kituo cha Fire. Kwenye masika, Machi hadi Mei, mvua ikikaza bonde hujaa maji na njia hufungwa. Magomeni kwenye ramani iko pua na mdomo na mjini. Siku ya mafuriko ni wilaya nyingine kabisa.

3. Mitaa, na ninavyoiona mimi

Kisutu ndiyo chaguo langu, sifichi. Nazungumzia eneo linalozunguka mitaa ya Libya, Jamhuri na Indira Gandhi, na kipande cha Morogoro kinachoshuka kuelekea Posta. Kuna hoteli ndogo za ghorofa zilizozeeka kidogo, lifti zinazolalamika, lakini vyumba safi na walinzi wanaokaa macho. Asubuhi unashuka unakunywa supu na chapati. Jioni kuna mishikaki, kachori, badia na chai ya maziwa. Makumbusho ya Taifa, boti na Feri unakwenda kwa miguu. Kasoro zake: Jumapili maduka mengi yanafungwa na mitaa inakuwa mitupu, na misikiti ni mingi, hivyo adhana ya alfajiri utaisikia ipasavyo. Mimi hunifaa, ndiyo kengele yangu. Mwenye usingizi mwepesi aombe chumba cha nyuma.

Kariakoo na Gerezani ni rahisi zaidi kwa bei, na vyumba ni vingi mno. Tatizo ni kelele na msongamano. Magari ya mizigo, makuli, mikokoteni, spika za maduka ya nguo. Na ukitoka na mtoto mkononi lazima umshike barabara. Anayependa pilikapilika ataifurahia. Mama yangu alikaa saa mbili akaomba turudi. Ukilala huko, tafuta mtaa wa pembeni kuelekea Lumumba na Mnazi Mmoja, si katikati ya Msimbazi na Congo.

Upanga ni mtaa wa watu wazima: miti, ukimya, umbali mfupi hadi Posta. Vyumba vya bei nafuu si vingi, lakini ukikipata kimoja usikiachie. Usisahau pia hosteli za makanisa na taasisi. YMCA na YWCA za mjini kati na Msimbazi Centre zimepokea wageni wa kila dini kwa miaka mingi. Vyumba ni vya kawaida kabisa, kitanda, meza, chandarua, pengine na masharti ya saa ya kufunga geti au ya pombe, ila utulivu wake ni wa kulipia. Mtu anayesafiri na binti zake au wazazi nampeleka huko kabla ya kokote.

Sinza, Kijitonyama na Mwenge ni pazuri kama fungu lako la pili ndilo lenye alama nyingi. Loji ni nyingi, nyingine mpya na nzuri kuliko za mjini kwa bei ileile, kwa kuwa wenye nyumba wanashindana. Lakini Sinza ni mji wa baa. Muziki wa Ijumaa unaweza kuisha Jumamosi alfajiri. Kabla ya kulipa, toka nje ya geti utazame majirani: ukiona viti vya plastiki vimepangwa na spika zenye urefu wa mtoto wa darasa la tatu, kachague pengine.

Masaki, Oysterbay na Msasani nitapita haraka, maana kwa mfuko tunaouzungumzia hapa si mahali pa kulala. Nenda katembee, kula aiskrimu, rudi. Mbezi na Kimara nishasema: lala hapo usiku mmoja tu, kama basi lako linafika usiku sana au linaondoka alfajiri.

Kigamboni ina mvuto wake. Ukilala karibu na Feri ya upande ule, pantoni inakuteremsha Kivukoni, na kule ufukweni upepo ni wa bure. Ila pantoni ina foleni zake asubuhi na jioni, na ukienda kwa gari kupitia daraja la Nyerere kuna tozo. Usiku ukikukuta mjini, kurudi ni safari.

4. Fanya hesabu ya kweli

Hapa ndipo watu wanapojidanganya, nami nilijidanganya hapahapa. Nitatumia tarakimu za mfano, wewe utaweka zako baada ya kupiga simu.

Tuseme mko wawili, usiku tatu. Chumba cha Mbezi ni shilingi 25,000 na cha Kisutu ni 45,000. Mbezi ni 75,000 kwa usiku tatu, Kisutu 135,000. Umeokoa 60,000, siyo? Sasa weka nauli ya watu wawili kuingia mjini na kurudi, na mabadilisho yake, tuseme 6,000 kwa siku: 18,000. Weka siku mbili mlizochelewa Coco au Feri, mkaona bora gari la kuita kwa simu kuliko kusukumana usiku, tuseme 25,000 kila safari: 50,000. Jumla ya Mbezi sasa ni 143,000. Nauli za kwenda Makumbusho ya Kijiji au Slipway nimeziacha, maana utazilipa popote ulalapo.

Na bado hatujahesabu muda. Saa nne za barabarani kwa siku, mara tatu, ni saa 12. Hiyo ni siku nzima ya matembezi uliyoinunua kwa nauli ya kutoka mkoani, ukaiacha kwenye kiti cha basi.

Kanuni ninayoitumia ni rahisi: bei ya chumba, jumlisha nauli ya kila siku, jumlisha gari moja la usiku. Hiyo ndiyo bei. Linganisha hizo, si zile zilizoandikwa kwenye tangazo.

5. Jua unachokiita

Maneno ya biashara hii yana mitego. Ukimsimamisha mtu mtaani ukamuuliza "hoteli ya bei nafuu iko wapi?" usishangae akikupeleka kwenye wali maharage. Sema "gesti" au "loji". Kati ya hizo mbili tofauti iko zaidi kwenye kibao kuliko kwenye godoro. Anayetaka kupandisha bei anaandika loji.

"Self" ni chumba chenye choo na bafu ndani. Kisipokuwa self, choo ni cha kuchangia, na bei inashuka sana. Kwa kijana mmoja anayerudi kulala tu, cha kuchangia kinatosha. Kwa familia, lipa self. "Singo" na "dabo" usiziamini bila kuuliza. Gesti nyingi singo ni kitanda kimoja ambacho watu wawili wanaenea, na kwingine dabo ni vitanda viwili. Uliza ukubwa wa kitanda kwa futi: nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita. Hapo hakuna kubishana. Mtoto mdogo kwa kawaida hulala na wazazi bila kuongeza fedha, lakini likubaliwe mapema.

Kisha kuna jambo ambalo wakubwa hawalisemi mezani: gesti za "shoti taimu". Ni nyumba zinazopokea wageni wa saa moja au mbili. Hazina ubaya wa kisheria kwako wewe msafiri, ila milango itagongwa usiku kucha na shuka zinabadilishwa kwa haraka ambayo hutaipenda. Kuitambua, uliza tu kwa upole, "Mnapokea wageni wa muda mfupi?" Wakikutajia bei ya masaa, shukuru uendelee na safari.

6. Piga simu, usiishie kwenye picha

Picha za mtandaoni zilipigwa siku nyumba ilipofunguliwa. Tazama maoni ya wageni wa miezi ya karibuni na utafute maneno matatu: maji, kelele, kunguni. Mtu mmoja akilalamikia kunguni, labda alikuja nao. Wakiwa watatu, funga ukurasa. Kisha iangalie nyumba kwenye ramani ya simu kwa macho ya mpita njia: kutoka kituoni unapita wapi, kuna barabara kubwa ya kuvuka, kuna baa mlango wa pili?

Halafu piga. Mazungumzo yangu na mhudumu wa mapokezi huwa hivi:

"Habari za kazi, dada. Naulizia chumba self cha watu wawili, kuanzia Alhamisi, usiku tatu."

"Nzuri, kaka. Vipo, karibu."

"Asante. Ni bei gani, na chai ya asubuhi imo?"

"Arobaini na tano, na chai."

"Chumba kiko upande wa barabara au wa nyuma? Ghorofa ya ngapi? Nakuja na mama mtu mzima."

Swali la mwisho ndilo linalopima nyumba. Mhudumu makini atasema, "Basi nitakuwekea cha ghorofa ya kwanza, mwambie mama asihofu." Asiye makini atasema, "We njoo tu, tutaongea." Hiyo "tutaongea" nimeiogopa tangu nilipofika na kukuta chumba nilichoahidiwa kimepewa mwingine, nikalazwa ghorofa ya nne bila lifti, na bei ikapanda.

Omba video fupi kwa WhatsApp: bomba likifunguliwa, feni au kiyoyozi kikiwaka, na dirisha likionyesha nje. Ni dakika moja, na anayekataa ana sababu. Ukitajiwa bei kwa dola, kumbusha kwa adabu kuwa kanuni za mwaka 2025 zinataka huduma za ndani ziuzwe kwa shilingi. Na punguzo liombe hapohapo: usiku tatu kwa pamoja, siku za katikati ya wiki, na lugha nzuri. Elfu tano kwa usiku si jambo la ajabu kupunguziwa. Ulizia pia kwenye nyumba uliyoiona kupitia tovuti za kukatia vyumba, maana mara nyingine bei ya simu ni ndogo kuliko ya tovuti.

Kutuma fedha ya kushikia chumba, tuma ya usiku mmoja tu, kwa lipa namba yenye jina la nyumba. Namba binafsi ya "bosi" iache.

7. Ingia chumbani kabla ya kuandika jina

Ukifika, usikimbilie kitabu cha wageni. Sema, "Naomba kwanza nikione." Hakuna anayekasirika. Stendi na kituoni, vijana wanaokuwahi begi na kukupeleka "gesti nzuri hapa karibu" wanalipwa na hiyo gesti, na malipo yao yamo ndani ya bei yako. Washukuru, endelea na uliyoipigia simu.

Ndani ya chumba nafuata utaratibu huu. Nafungua bomba na kuflashi choo. Nawasha feni hadi mwisho nisikilize, kwa kuwa Dar bila feni, hasa Desemba hadi Machi, hulali. Kama ni kiyoyozi nauliza rimoti iko wapi, maana kuna nyumba kiyoyozi ni pambo na rimoti ina bei yake. Nainua shuka pembeni ya godoro, natazama kwenye mishono kwa tochi ya simu: vidoa vyeusi kama wino ni kunguni, na hapo sibishani, naomba fedha yangu. Natazama chandarua kama kina matundu na dirisha kama lina wavu. Mwisho, komeo la ndani. Ufunguo pekee hautoshi, kwa sababu funguo za gesti zina ndugu wengi.

Kikiwa na kasoro, omba kingine kwenye nyumba ileile kabla hujahama. Mara nyingi kipo, na walikupa kibaya kwanza kwa sababu hakuna anayekichukua. Ukiridhika, andika jina, toa kitambulisho, lipa usiku wa kwanza, na chukua risiti. Usiku wa pili na wa tatu utalipa ukishajua kama umelala.

8. Mtego wa saa nne asubuhi

Gesti nyingi muda wa kutoka ni saa nne asubuhi, na kinachohesabiwa ni usiku. Sasa fikiria umetoka Mwanza kwa basi la usiku, ukaingia Dar saa kumi na moja alfajiri. Ukichukua chumba muda huo, mwingine atakuandikia usiku uliokwisha, na saa nne anagonga mlango akitaka usiku wa pili. Umelipa usiku mzima kwa masaa matano.

Dawa yake ni kukubaliana kwenye simu: "Nafika alfajiri, nihesabie kuanzia leo hadi kesho saa nne." Wengi hukubali kama chumba kiko wazi, wengine wataongeza kidogo. Wakikataa, omba kuacha mizigo mapokezi, unawe uso, ushuke kunywa chai na kuanza matembezi ya mjini kati, kisha uingie chumbani mchana. Hapo ndipo kulala kiganjani kunapolipa tena, kwa kuwa kitu cha kwanza cha kuona kiko mtaa wa pili. Na ukikata chumba kwenye tovuti, kumbuka saa zake ni za kizungu: 10:00 ni saa nne yetu. Shemeji yangu aliisoma kama saa kumi jioni, akarudi kutoka Feri na kukuta begi lake limekaa mapokezi peke yake kama mtoto aliyesahaulika shuleni.

9. Kalenda

Maonyesho ya Sabasaba, Juni 28 hadi Julai 13, hujaza vyumba, zaidi upande wa Barabara ya Kilwa na mjini. Ukitaka kuja wakati huo, kata mapema. Masika bei zinalegea, ila Jangwani nishaisema. Juni hadi Agosti joto hupungua, feni inatosha na unaokoa fedha ya kiyoyozi. Wakati ninaoupenda mimi ni siku za Krismasi: nusu ya jiji imekwenda mikoani, barabara zimefunguka, na mabasi ya kuingia Dar yana nafasi wakati ya kutoka yanagombaniwa. Wewe unakwenda kinyume tena.

10. Usiku, na siku ya kuondoka

Hatari ya mgeni haiko ndani ya gesti, iko kwenye mita mia mbili za mwisho. Tembea njia hiyo mara moja mchana uijue. Usiku agiza gari likushushe mlangoni, na simu usiishike mkononi upande wa barabara, kuna bodaboda zinazoipitia kama mwewe na kifaranga.

Siku ya mwisho, rudisha chumba saa nne, acha mizigo mapokezi, wapatie shukrani ndogo, kisha tumia mchana wako. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, safari ya Dodoma na Morogoro imebadilika kabisa, maana kituo chake cha Dar kiko mjini hukohuko, karibu na Mnara wa Saa. Mara ya mwisho mama na mimi tulitoka Kisutu, tukaenda Feri kula samaki, tukarudi kuchukua mabegi, na gari la kutupeleka kituoni halikuchukua hata robo saa. Fika mapema, mizigo inakaguliwa na mlango hufungwa kabla ya treni kuondoka. Tulipokaa kwenye kiti mama alivuta pazia la dirisha akalifunga. Nikamuuliza kama hataki kutazama nje. Akasema ameshatazama, sasa analala.